Jinsi ya kuwafunza walimu wa awali kufundishia nje, hatua kwa hatua

Semina yangu ya kwanza kuhusu kujifunza kwa kutumia mazingira niliifanyia ndani. Nilikuwa na projekta, picha za watoto wakipanda miti na bango la rangi ukutani. Walimu wakaandika, wakapiga makofi, wakaenda zao. Miezi miwili baadaye nikawatembelea. Darasa la kwanza nililoingia lilikuwa na majani makavu yaliyogundishwa kwenye kadi, na watoto wameketi kwenye viti wakiitikia kwa pamoja: "Jani! Jani! Jani!" Sikuwa na wa kumlaumu. Mimi niliwaletea mazingira ndani, nao wakafanya vivyo hivyo.

Utaratibu ufuatao ndio ninaoutumia sasa, kwa walimu 10 hadi 15, siku tatu mfululizo, kisha ufuatiliaji wa muhula mzima.

Hatua ya 1: Wakalishe nje kabla hujawafundisha chochote

Kila mwalimu achague mahali pake, awe mbali kidogo na mwenzake, akae dakika 20. Simu mfukoni, kalamu mkobani. Siku ya kwanza watanung'unika, na wengine wataanza kuangaliana na kucheka. Wavumilie. Kabla muda haujaisha utamwona mmoja ameinama, anafuata kitu kwa macho.

Siku ya pili na ya tatu warudi palepale. Usiwaulize wamejifunza nini, maana watakupa jibu la mtihani. Uliza: "Kipi unakiona leo ambacho jana hakikuwepo?" Majibu huwa madogo. Utando wa buibui umehama tawi, au kivuli cha ukuta hakijafika kwenye jiwe. Aliyeliona hilo hashangai tena mtoto wa miaka minne anapochuchumaa robo saa mbele ya shimo la sisimizi.

Usimsamehe mtu hatua hii eti kwa sababu ni mkongwe wa kazi. Kwa uzoefu wangu, wakongwe ndio wanaoihitaji zaidi.

Hatua ya 2: Kagueni eneo pamoja

Tembeeni eneo lote mkiwa na karatasi ya safu tatu: faida, hatari, tutakachofanya. Safu ya faida inajazwa kwanza. Ukianza na hatari, orodha itakuwa ndefu na hakuna atakayetoka nje tena.

Wafundishe kutofautisha mambo mawili. Tawi lililooza juu ya uwanja, kipande cha chupa kwenye majani, shimo lililofunikwa na nyasi: hivi mtoto hawezi kuviona wala kuvipima, basi viondolewe au eneo lizungushiwe kamba. Kisiki cha kurukia au mti wenye matawi ya chini ni habari nyingine, kwa kuwa hapo mtoto anakiona mwenyewe anachokikabili. Mtafiti wa Norway, Ellen Sandseter, katika kazi yake ya mwaka 2007 aliupanga mchezo wa kuthubutu katika makundi sita: kimo, kasi, zana kali, maeneo yenye hatari kama maji na moto, mieleka, na kujitenga mbali na macho ya wakubwa. Wape walimu makundi hayo kisha kila mmoja asimulie alichokifanya yeye utotoni katika kila kundi. Kicheko kitakuwa kingi, na hapo ndipo mjadala wa kweli huanzia.

Kanuni yangu ya miti ni moja tu: mtoto asipandishwe. Akiweza kupanda mwenyewe, apande hadi kimo mlichokubaliana. Aliyebebwa akawekwa juu hajui njia ya kushukia.

Mengine ni ya kawaida, lakini yaandikwe: kuhesabu watoto wakati wa kutoka, katikati na wakati wa kurudi, mwito mmoja wa kuwakusanya, sanduku la huduma ya kwanza, majina ya wenye pumu na mzio.

Hatua ya 3: Wafundishe kunyamaza

Hatua hii nitaikalia, kwa sababu ndiyo kazi yenyewe. Mwalimu amezoeshwa kuamini kwamba asiposema hafundishi. Mpeleke nje, mpe kundi la watoto, utasikia darasa lilelile likiendelea chini ya mti.

Mfano nilioushuhudia. Mtoto kamkuta mbawakawa amelala chali, miguu inapapatika. Kachukua kijiti, anakisogeza polepole. Mwalimu akafika: "Huyu ni nani? Ana miguu mingapi? Tuhesabu wote, moja, mbili..." Walipofika sita, mtoto alikuwa ameshaondoka, na kijiti amekiacha.

Tuliigiza tukio hilo jioni yake, mwalimu mwenyewe akiwa mtoto. Mara hii mwenzake alichuchumaa pembeni akakaa kimya. Muda ukapita. "Mtoto" akasema, "Hawezi kugeuka." Mwenzake akajibu tu, "Naona unamwekea kijiti." Wakaendelea namna hiyo, na hesabu ya miguu ikaja yenyewe, kwa sababu aliyeigiza mtoto alitaka kujua ni mguu upi utashika kijiti kwanza.

Zoezi: wawe wawili wawili. Mmoja yuko na watoto kwa dakika kumi, mwingine ana daftari. Anaandika kilichoonekana na kusikika tu. "Amefurahi" hairuhusiwi, "amecheka, amerudia kuruka mara tatu" inaruhusiwa. Kisha pitieni maneno ya mwalimu moja moja mkiuliza: sentensi hii ilimsaidia mtoto kuendelea, au ilimkatiza?

Badilisheni pia maneno ya hofu. "Shuka, utaanguka!" humtikisa aliye juu. Jaribuni "Mguu wako wa kushoto umekanyaga wapi?" au "Utaanza kushuka na mguu upi?"

Hatua ya 4: Vifaa

Hapa usipoteze muda. Vijiti, mawe makubwa yasiyoingia mdomoni, kamba fupi, ndoo, maji, udongo, vipande vya mbao. Msanii Mwingereza Simon Nicholson alieleza mwaka 1971 kwamba kadiri mahali panapokuwa na vitu vingi vya kuhamishika, ndivyo uwezekano wa kubuni na kugundua unavyoongezeka. Walimu wavichezee wao kwanza, saa nzima, bila maelekezo.

Hatua ya 5: Andalio la somo liandikwe kinyumenyume

Watoto watoke, mwalimu achunguze, kisha afungue mtaala na kutafuta umahiri uliojitokeza. Mtoto aliyepima kijiti kwa kijiti kingine amelinganisha urefu, na aliyebishania zamu ya ndoo amejenga hoja. Kwa njia hii mwalimu anapata rekodi ya kumwonyesha mwalimu mkuu na mzazi anayeuliza mbona mwanawe anarudi na matope badala ya herufi.

Akiambiwa huu ni mtindo wa juzi, ajibu kwa historia. Mwalimu Mjerumani Friedrich Fröbel alianza kazi yake na watoto wadogo Bad Blankenburg, Ujerumani, mwaka 1837, na mwaka 1840 akaiita Kindergarten, yaani bustani ya watoto. Ndugu wawili, Rachel na Margaret McMillan, walifungua shule yao ya awali ya hewa wazi huko Deptford, London, mwaka 1914, kwa watoto wa familia maskini.

Hatua ya 6: Rudi shuleni kwao

Semina isiyo na ufuatiliaji huyeyuka ndani ya wiki chache. Mimi hurudi mara tatu kwa muhula. Nakaa pembeni dakika kumi na kuchora mstari kwa kila sentensi anayoisema mwalimu, na nukta kila mara mtoto anapoanzisha mazungumzo yeye mwenyewe. Baadaye tunaitazama karatasi pamoja, na mara nyingi hasemi neno, anaitazama tu. Kisha nampa abaki nayo. Mwalimu mkuu akiomba nakala, hata akiiomba kwa upole, simpi.