Kabla ya kuchomeka nyaya za umeme kwenye kadi mpya ya michoro

Kadi ikiwa bado kwenye boksi lake, fungua kwanza ubavu wa kompyuta usome kibandiko cha pawa saplai, kile kisanduku kinachogawa umeme ndani ya kompyuta. Tazama jumla ya wati, kisha tazama mstari wa volti 12, kwa kuwa huko ndiko kadi inakochota karibu umeme wake wote. Kwa mfano, kadi ya RTX 3060 yenyewe hula wati 170, lakini NVIDIA, kampuni iliyoibuni, inashauri pawa saplai ya wati 550, maana prosesa, diski na feni nazo zinategemea chombo hichohicho.

Wengi hukwama hapa. Kompyuta za mezani zilizotumika maofisini ng'ambo ndizo zinazojaa madukani kwetu, na Dell OptiPlex 7010 ya mnara ina pawa saplai ya wati 275 tu, isiyo na waya hata mmoja wa kadi. Ukiwa na mashine kama hiyo, nakusihi uchague kadi isiyohitaji waya, kwa mfano GTX 1650 isiyo na soketi ya umeme (zipo zenye soketi, kwa hiyo kagua kabla ya kulipa). Tundu la PCIe kwenye mazabodi (bao kuu la kompyuta), pale kadi inapochomekwa, linaweza kuipa hadi wati 75. Usidanganyike na adapta ya bei poa inayogeuza plagi ya SATA, ile ya diski, kuwa ya pini 6: plagi ya SATA imeundwa kubeba wati 54 za volti 12, ilhali pini 6 zinaruhusiwa kuvuta 75. Plastiki huanza kulainika, na harufu utaisikia umeshachelewa.

Sasa hesabu soketi za kadi. Pini 6 ni wati 75, pini 8 ni wati 150. Kadi ikiwa na soketi mbili za pini 8, vuta nyaya mbili tofauti kutoka kwenye pawa saplai, usitegemee waya mmoja wenye vichwa viwili.

Ninalotaka ulishike kuliko yote ni hili: waya wa prosesa nao una pini 8. Ule wa prosesa hugawanyika nne kwa nne, wa kadi hugawanyika sita na mbili, na volti 12 za mmoja ziko upande ambao mwingine umeweka ardhi (njia ya umeme kurudi). Kichwa kikigoma kuingia, kina sababu ya kugoma. Angalia maandishi yake, PCIe (wa kadi) au CPU (wa prosesa), usikikandamize.

Hatari inayofanana na hiyo imejificha kwenye pawa saplai zenye nyaya za kuchomoa. Upande wa kadi una kiwango kimoja duniani kote, ila upande wa pawa saplai kila mtengenezaji hupanga pini anavyotaka, na hata matoleo ya kampuni moja hutofautiana. Waya wa rafiki utaingia vizuri kabisa, kisha utapeleka volti 12 mahali pasipostahili. Tumia nyaya zilizokuja na pawa saplai yako. Ukinunua iliyotumika isiyo na nyaya zake, punguza bei au iache.

Kadi kubwa zina plagi ya pini 16. RTX 4090 ilipotoka Oktoba 2022, baadhi ya plagi hizo ziliyeyuka, na NVIDIA ikaeleza kuwa nyingi zilikuwa hazijaingia hadi mwisho. Sukuma mpaka pasibaki mwanya, na usiukunje waya karibu na plagi.

Siku ya kazi, zima kompyuta, chomoa waya wa ukutani, bonyeza kitufe cha kuwashia ili umeme uliobaki uishe, kisha gusa chuma cha kasha. Kama pawa saplai ina swichi ya 115 na 230, hakikisha iko kwenye 230. Waya wa skrini nao uhamishe kutoka kwenye mazabodi uuchomeke kwenye kadi yenyewe.