Kamba na vyuma vya kupandia na kushuka mti ukiwa mawindoni: cheki milimita kwanza

Watu wengi wakianza kuwinda juu ya mti kwa hanesi (mikanda ya kiunoni na mapajani inayokubeba) swali la kwanza wanalouliza ni kamba gani ngumu kuliko zote, na hapo ndo wanapokosea. Ugumu sio tatizo kabisa. Kamba tuli (ile isiyovutika) ya kawaida ya daraja A kwenye viwango vya Ulaya (EN 1891) inatakiwa ibebe angalau kilonewtoni 22, hiyo ni zaidi ya tani mbili, na we una kilo 80 au 90 na begi lako. Hata fundo likila theluthi ya nguvu bado imebaki nyingi tu. Kinachoangusha watu ni kamba kutoelewana na chuma: kipenyo sicho, ama kamba inateleza kuliko kile chuma kilivyozoea, ama chuma kimevalishwa kinyume.

Mi mwenyewe nilishawahi kununua kamba ya milimita 8 kwa sababu ni nyepesi na inaingia mfukoni, nikaipitisha kwenye kifaa cha kujibana kilichoandikwa kabisa pembeni kuanzia 8.5, nikasema nusu milimita kitu gani bwana. Nikaegemea kikashika, nikafurahi, nikabonyeza mkono wa kuachia na nikashuka kama mita mbili kwa mara moja kabla sijaubana ule mkia wa kamba kwa mkono wa chini. Sikuwa na glavu. Kiganja kilichubuka wiki nzima na siku hiyo hamna mnyama aliyekaribia, nadhani kelele waliisikia wote.

Kwaiyo anza na kifaa cha kushukia afu ndo utafute kamba. Kila kifaa kimechongwa namba, kwa mfano Petzl GriGri ya toleo la 2019 inakula 8.5 hadi 11, na hapo ukikaa katikati, 9 hadi 10, ndo pazuri, maana kamba mpya huwa inateleza kuliko ya zamani na ikiloa au ikishika barafu inateleza zaidi. Ukipenda kamba nyembamba kwa sababu ya uzito, sawa, ila tafuta kifaa kilichotengenezwa kwa ajili yake. Ile namba nane ya chuma (kifaa cha kushukia chenye umbo la 8) nayo inafaa, ni nyepesi na haina cha kuharibika, lakini haijibani yenyewe, ukiachia mkono unakwenda, kwaiyo lazima chini yake uweke kamba ndogo ya milimita 6 (inaitwa prusiki) uizungushe kwenye kamba kuu mara nne hivi uiunge kwenye hanesi, ikawa mkono wako wa tatu. Na ifanye fupi, maana ikiwa ndefu ikafika hadi kugusa kifaa haibani tena.

Kuhusu aina ya kamba, chukua tuli, ile isiyovutika. Kamba za wapanda miamba zinavutika makusudi ili zimeze mshtuko wa kuanguka, ukishukia mti unakuwa kama uko kwenye springi na ukitaka kutulia ulenge unanesanesa. Lakini kutovutika kuna bei yake, kamba tuli haisamehi mwanguko: nusu mita tu ya kamba iliyolegea na mgongo utakukumbusha. Ndo maana ile kamba inayokushika kwenye shina ukiwa juu unaifunga usawa wa kichwa au juu zaidi, na muda wote iwe imekaza. Ukijikuta umepanda ukaipita, simama, isogeze juu kwanza.

Malighafi sasa. Poliesta haivutiki sana, haijali maji, na jua haliichoshi haraka, kwaiyo kwa mwindaji naona ndo bora. Naironi ikiloa inapungua nguvu kidogo na inavutika. Polipropilini, zile za kufungia mizigo, achana nazo. Halafu kuna hizi nyuzi nyembamba za Dyneema ambazo watu wanazisifia sana kwa nguvu, na kweli zina nguvu, ila zinayeyuka kwenye digrii kama 145 wakati poliesta inafika karibu 250, na zinateleza kama sabuni, kwaiyo kuzitumia kama prusiki ya kusugua kwenye kamba kuu ni kutafuta balaa. Kama unataka prusiki inayostahimili joto, tafuta yenye ganda la aramidi, ila uibadilishe mapema, jua na kukunjwakunjwa vinaila.

Prusiki yenyewe iwe nyembamba kuliko kamba kuu kwa milimita 2 hadi 3 na nusu hivi, mfano 6 au 7 kwenye kamba ya 9 na nusu. Zikilingana haibani. Kuna wanaopenda kishikizi cha chuma badala ya prusiki kwa sababu unakisogeza kwa mkono mmoja, hata mi nakipenda ukiwa na glavu nene, lakini vile vyenye meno ukiviangukia ghafla vinaanza kuchana ganda la kamba kwenye kilonewtoni 4 hadi 6 hivi, na hizo mwanguko mfupi tu unazifikia. Tena sababu ya kutolegeza kamba.

Karabina (zile pete za chuma zenye geti la kufungua na kufunga): chukua zenye kujifunga zenyewe, zile zinazotaka miondoko mitatu kufunguka, hasa zile zinazogusana na magome na majani. Ya skrubu mtetemo unaweza kuifungua taratibu na we unaangalia pembeni. Soma maandishi kwenye mgongo, kwa urefu utakuta kilonewtoni 20 na kitu, kwa upande utakuta 7 hivi, maana yake ikigeuka ikabeba uzito kwa ubavu imebaki theluthi. Zile za kuning'inizia funguo hata usizilete mtini. Na vyuma vinagongana, vizungushie tepu ya kitambaa, ila usifunike geti wala maandishi.

Sasa kushuka na kurudi na kamba yako. Njia rahisi ni hii: ncha moja ya kamba funga fundo la nane lishike pete ya chuma yenye nati, zungusha kamba kwenye shina juu ya tawi imara, pitisha ile sehemu ndefu ndani ya pete, kaza nati, vuta mpaka ibane shina. Pete ni bora kuliko karabina hapo maana karabina ikikandamizwa kwenye gome inabebea kwenye geti. Kwenye pete funga uzi mwembamba wa kuvutia unaofika chini, na tafadhali uwe wa rangi tofauti kabisa na kamba kuu, giza likiingia ukivaa kifaa kwenye uzi huo kwa makosa unaanguka pamoja na pete. Mti wenyewe uwe hai na shina nene, angalau sentimita 20 pale unapofunga.

Ncha ya chini ya kamba piga fundo la kuzuia. Vaa kifaa, egemea mpaka kimebeba uzito wote, angalia kamba imeingia upande sahihi, ndo ufungue ile kamba ya shina. Kimoja hakifunguliwi kabla kingine hakijabeba. Silaha inatangulia kwa kamba yake ikiwa haina risasi. Ukifika chini fungua lile fundo la kuzuia, wengi wanasahau, wakivuta uzi linakwama kwenye pete juu kule na inabidi upande tena. Afu vuta ukiwa umekaa pembeni, pete ikishuka inashuka kweli.

Urefu: kwa mita 6 za kwenda juu, mita 9 hadi 10 zinatosha, kulingana na unene wa shina.

Mazoezi fanya mchana, nusu mita kutoka ardhini, mpaka mikono ijue yenyewe. Na kila unapoikunja kamba ipitishe vidoleni, ukihisi sehemu laini au bapa, au umeona moyo mweupe unachungulia kwenye ganda, imekwisha hiyo. Usiitupe nzima, ikate vipande, maana ukiiacha hivyo kuna mtu ataiokota aende nayo mtini.