Plastiki bwawani: ziba chanzo kabla ya kununua vitamini

Wafugaji wengi wa samaki wakisikia plastiki huwaza chupa inayoelea. Chupa si tatizo kubwa, unaiona na kuiopoa. Kinachosumbua ni kemikali zinazotoka taratibu kwenye plastiki yenyewe: fthaleti, zinazolainisha plastiki aina ya PVC, na bisifenoli A, iliyomo kwenye plastiki ngumu angavu na rangi za epoksi zinazopakwa ndani ya matangi. Joto huharakisha kuvuja kwake.

Bisifenoli A huiga homoni ya kike. Ikizidi majini, ini la samaki dume huweza kuanza kutengeneza protini ya kiini cha yai, kazi isiyo yake kabisa. Mzalishaji wa vifaranga ana sababu ya kuhofu kuliko wengine. Kemikali hizi pia huchochea radikali huru, yaani chembe zisizotulia mwilini, zinazojeruhi ini na matamvua. Vitamini C, vitamini E na madini ya seleniamu ndizo husaidia mwili kuzidhibiti, na kadiri mashambulizi yanavyoendelea ndivyo akiba hiyo inavyoliwa. Perege na samaki wengine wengi wa kufugwa hawajitengenezei vitamini C, hutegemea chakula unachowapa.

Katika majaribio, virutubisho hivi vimepunguza madhara. Lakini kuvimwaga huku turubai lililotandikwa bwawani linavuja kemikali ni kutwanga maji kwenye kinu.

Kwa hiyo anza na turubai. Likague pale juu ya usawa wa maji, panapopigwa jua. Lisugue kwa kidole: likitoa unga, au likikunjwa linapasuka, muda wake umekwisha. Ukinunua jingine, chagua la polietilini nzito lililotengenezwa kwa ajili ya mabwawa ya samaki. Pipa lililowahi kubeba viuatilifu lisiguse maji yako, hata lioshwe vipi. Na lile gunia la plastiki lililojazwa samadi na kuzamishwa pembeni mwa bwawa? Jua hulichakaza, nyuzi zake zikaelea, samaki wakazimeza. Uzio wa fito unafaa zaidi kwa samadi.

Sasa chakula. Vitamini C huharibika kwa joto, unyevu na mwanga, hivyo hifadhi mifuko ya chakula kivulini, juu ya mbao, ukitumie ndani ya miezi 3 tangu kitengenezwe. Seleniamu usijiongezee mwenyewe, maana kati ya kiasi cha kutosha na sumu pana nafasi ndogo sana.

Ukiona vifaranga wenye migongo iliyopinda, upungufu wa vitamini C ni miongoni mwa sababu. Soma tarehe kwenye mfuko kabla ya kukimbilia dawa.