Kutafuta Muunganiko wa Jeni katika Saratani ya Thairoidi na Kuchagua Dawa Yake

Mwongozo huu ni wa madaktari na wataalamu wa maabara wanaomhudumia mgonjwa ambaye saratani yake ya thairoidi imesambaa na haisikii tena iodini ya mionzi. Aliyeondolewa uvimbe wote kwa upasuaji kwa kawaida hahitaji hatua hizi.

Hatua ya 1: Fahamu unachokitafuta

Katika seli za folikula, yaani seli za thairoidi zinazotengeneza homoni, ambamo saratani ya papilari (aina ya saratani ya thairoidi) huanzia, jeni ya RET kwa kawaida imezimwa. Kromosomu ya 10 ikikatika mahali pawili na kipande cha katikati kikaungwa kwa kugeuzwa, mkia wa RET wenye kinasi (sehemu ya protini inayowasha ishara ndani ya seli) hushikamana na kichwa cha jeni nyingine, kama vile CCDC6 au NCOA4; huo ndio muunganiko wa jeni. Mwenzi huyo huiwasha RET pasipostahili, na tena huzifanya protini mbili zishikane, hivyo kinasi hutoa amri ya kugawanyika mfululizo bila kungoja ishara kutoka nje ya seli. Jeni za NTRK1, NTRK3 na ALK hufuata mkondo huohuo. Miunganiko hii huonekana zaidi kwa watoto kuliko watu wazima, na ile ya RET ilijitokeza kwa wingi kwa watoto waliopatwa na mionzi ya ajali ya Chernobyl ya mwaka 1986.

Hatua ya 2: Anza na BRAF

Badiliko la V600E katika jeni ya BRAF ndilo linaloongoza katika saratani ya papilari, na ni nadra kukaa na muunganiko katika uvimbe mmoja. Likikosekana, kipimo kipana zaidi kinastahili gharama yake.

Hatua ya 3: Pima RNA

Introni (sehemu za jeni zinazokatwa na kuondolewa RNA inapotengenezwa) za NTRK ni ndefu mno, kwa hiyo kipimo cha DNA peke yake huweza kuupita muunganiko bila kuuona, ilhali RNA huonyesha moja kwa moja kile ambacho seli inakitumia. Tatizo ni kwamba RNA huharibika katika vipande vya zamani vilivyohifadhiwa kwenye parafini. Kwa maoni yangu, jibu la “hakuna” lililotoka kwenye RNA mbovu lisiandikwe kabisa kuwa jibu. Ombeni sampuli nyingine.

Hatua ya 4: Isome ripoti kwa makini

Tuseme imeandikwa kwamba eksoni (sehemu ya jeni inayobaki katika RNA) ya 1 ya CCDC6 imeungana na eksoni ya 12 ya RET. Kinasi ya RET huanzia eksoni ya 12, kwa hiyo imebaki nzima. Hakikisha pia kwamba mfuatano wa usomaji, yaani mpangilio wa herufi tatu tatu ambao seli huusoma kutengeneza protini, haukuvurugika kwenye kiungo, kwani muunganiko usiozaa protini kamili hauna kazi ya kuzuiwa na dawa.

Hatua ya 5: Linganisha dawa na kinasi

Kwa RET kuna selpekatinibu na pralsetinibu, zilizoidhinishwa Marekani mwaka 2020. Katika utafiti uliotegemewa kuidhinisha selpekatinibu, wagonjwa 15 kati ya 19 waliokwisha kutibiwa kwa njia nyingine uvimbe wao ulisinyaa. Kwa NTRK kuna larotrektinibu na entrektinibu, ingawa saratani ya anaplastiki (aina kali ya saratani ya thairoidi) huitikia kwa kiasi kidogo zaidi. Kwa baadhi ya wagonjwa dawa hizi zimeurudishia uvimbe uwezo wa kufyonza iodini, jambo linalofungua tena mlango uliokuwa umefungwa.

Anayetumia selpekatinibu apimwe shinikizo la damu, vimeng'enya vya ini na umeme wa moyo. Muulize pia kuhusu dawa za tumbo: omeprazoli hupunguza ufyonzwaji wake, na ikiwa haiepukiki, vidonge vya selpekatinibu vimezwe pamoja na chakula.

Hatua ya 6: Uvimbe ukianza kukua tena

Chukua kipande kipya cha nyama na urudie kipimo. Huenda asidi amino ya 810 ya RET imebadilika, au seli imepata njia nyingine isiyopitia RET kabisa. Ikiwa ni badiliko hilo la asidi amino ya 810 (G810), kumhamisha mgonjwa kutoka selpekatinibu kwenda pralsetinibu hakusaidii, kwa kuwa badiliko hilo huzizuia dawa zote mbili kushika mahali palepale.