Somo: Picha nyeusi na nyeupe za vazi la asili la Kigiriki

Swali la jinsi ya kuzuia kofia nyekundu na darizi zisipotee katika picha nyeusi na nyeupe limeulizwa mno, kwa hiyo naliandikia somo moja.

1. Msimamishe mvaaji ubavuni mwa dirisha, wala asiketi, kwa sababu marinda ya fustanela, ile sketi nyeupe ya wanaume, hujikunja.

2. Pima mwanga juu ya fustanela, kisha ongeza stopu moja na nusu (stopu moja ni kuzidisha mwanga mara mbili), la sivyo weupe utatoka kijivu.

3. Tenganisha nyekundu na dhahabu. Koti fupi la vazi la kike la Amalia, lililopewa jina la malkia wa Mfalme Otto wa Ugiriki, mara nyingi ni la mahameli ya damu ya mzee iliyodariziwa kwa uzi wa dhahabu, na hapo ndipo picha nyingi zinapoharibika. Kichujio chekundu (kioo cha rangi kinachowekwa mbele ya lenzi), kinachopendwa kwa ajili ya mawingu, hung'arisha mahameli na uzi kwa pamoja hata kazi yote ya sindano ikafutika, na midomo ya mvaaji nayo ikapauka. Tumia cha kijani: mahameli hushuka gizani, dhahabu hubaki juu. Angalizo: kijani hukoleza pia kila doa la ngozi. Kwa kamera ya dijitali, piga kwa rangi, kisha unapoigeuza picha kuwa nyeusi na nyeupe, punguza mwangaza wa nyekundu peke yake. Rangi ya chungwa usiiguse, maana ndimo uso ulimo.

Swali: Mkuu, nina kichujio chekundu tu. Kinafaa?
Jibu: Hakifai. Soma hatua ya tatu.

Swali: Mbona katika picha za kale kofia nyekundu huonekana nyeusi kabisa?
Jibu: Umeuliza jambo la maana, ndugu yangu. Sahani za kioo na filamu za awali hazikuhisi nyekundu, bali zilihisi sana bluu. Kwa hiyo kofia nyekundu ilitoka nyeusi, na koti la bluu likaweza kutoka jepesi kuliko lilivyokuwa. Usikisie rangi ya vazi kwa giza lake pichani. Ukifika Athens, tazama hazina ya picha za Nelly's, mpiga picha wa kike wa Kigiriki, katika Jumba la Makumbusho la Benaki.

Swali: Sarafu za kifuani zinameremeta mno, nifanyeje?
Jibu: Tundika shuka jeupe kati ya dirisha na mvaaji. Sarafu zitaakisi shuka, na michoro yake itasomeka.

Swali: Nami nikiwa Athens, fustanela nitaiona wapi?
Jibu: Jumapili saa tano asubuhi, mbele ya Bunge, walinzi wa Evzoni, askari wa gwaride wa Ugiriki, wanapobadilishana zamu kwa vazi kamili. Kukiwa na jua kali usiongeze zaidi ya stopu moja.