Endometriosisi katika ukoo: namna ya kuandaa karatasi ya kumpelekea daktari

Kabla ya kulipia kipimo cha vinasaba cha kutuma mate, chukua karatasi moja na penseli. Kwa ugonjwa huu, karatasi itamsaidia daktari kuliko kipimo.

Endometriosisi ni tishu inayofanana na utando wa ndani wa mji wa mimba kuota nje yake: kwenye ovari, nyuma ya mji wa mimba, kwenye utumbo au kibofu. Uchunguzi wa mapacha umeonyesha kuwa karibu nusu ya tofauti ya hatari baina ya wanawake hutokana na urithi. Ila urithi huo haukai katika jini moja, yaani kipande kimoja cha vinasaba. Utafiti uliochapishwa mwaka 2023, wenye wagonjwa 60,674, ulipata maeneo 42 ya vinasaba, baadhi yakiwa karibu na jini WNT4 na GREB1 zinazohusika na via vya uzazi na homoni ya estrojeni. Kila eneo huongeza hatari kidogo mno. Yote pamoja yanaeleza takriban asilimia 5 tu ya tofauti ya hatari. Tena wagonjwa hao walikuwa wa asili ya Ulaya na Asia Mashariki, kwa hiyo makadirio ya hatari yaliyokokotolewa kutokana na vinasaba vyao hayamfai mwanamke wa Kiafrika hivihivi.

Sasa chora ukoo wako. Duara ni mwanamke, mraba ni mwanamume. Jiweke chini na mshale, panda vizazi viwili juu. Weka upande wa baba pia: mwanamume hurithisha vinasaba hivi bila kuumwa, na ndiyo maana kumsahau shangazi na bibi mzaa baba ni kosa kubwa.

Kosa jingine limo ndani ya lugha yetu. "Dada" anaweza kuwa binamu, "mama mdogo" anaweza kuwa mke wa baba mdogo, "bibi" anaweza kuwa jirani mzee. Mpe kila mtu nafasi yake ya damu. Mama, binti na dada wa baba mmoja na mama mmoja mnashirikiana nusu ya vinasaba; bibi, shangazi, mama mkubwa na dada wa baba mmoja tu, robo; binamu, thumuni. Mama au dada akiwa na ugonjwa huu, hatari yako hufika mara mbili ya kawaida au zaidi.

Usiulize, "Je, una endometriosisi?" Wengi waliumwa miaka na miaka wakaambiwa ni chango. Uliza hivi, faraghani, mtu mmoja mmoja:

- Ulivunja ungo na umri gani? Maumivu yalikuzuia kwenda shule au shambani?
- Wakati wa hedhi, uliumia ukienda haja kubwa au ndogo?
- Tendo la ndoa lilikuuma ndani kabisa?
- Ulichelewa kushika mimba zaidi ya mwaka mmoja?
- Uliwahi kupasuliwa tumbo? Daktari alitaja nini?

Swali la mwisho lina mtego. "Nilitolewa uvimbe" huenda ikawa fibroidi (uvimbe wa misuli ya mji wa mimba), huenda ikawa uvimbe wa ovari wenye damu nzito ya rangi ya chokoleti, ambao ndio wa endometriosisi. Omba kadi au barua ya hospitali. Isipopatikana, andika "uvimbe, aina haijulikani". Usikisie. Aliyezaa mfululizo na kunyonyesha, au aliyetumia vidonge vya uzazi wa mpango miaka mingi, huenda dalili zilifunikwa. Liandike hilo pembeni ya duara lake.

Ukoo usio na mgonjwa hata mmoja haukuondolei shaka, kwa hiyo nyuma ya karatasi andika dalili zako za miezi mitatu: tarehe, ukali wa maumivu kuanzia 0 hadi 10, dawa uliyotumia na kama ilisaidia. Ultrasaundi ikitoka safi na maumivu yakaendelea, rudi na karatasi hiyohiyo uombe rufaa kwa daktari bingwa wa magonjwa ya wanawake. Vidonda vidogo vya juujuu mara nyingi havionekani kwenye picha.