Mtambo wa muziki wa bei ghali Kisumu: anza na stima

Watu wakiona spika zangu huuliza bei. Swali ninalotamani waulize ni hili: stima inazifikiaje? Hapa Kisumu hilo ndilo linaloamua kama mtambo utaishi miaka ishirini au utakufa msimu wa kwanza wa mvua.

Mimi ni muuguzi, nakaa Migosi, na zamu zangu nyingi ni za usiku. Muziki nausikiliza saa nne asubuhi, watoto wakiwa shuleni na mtaa umetulia. Nina amplifaya ya valvu, yaani zile chupa za kioo zinazong'aa zikikuza sauti, mashine ya santuri na spika mbili za kusimama sakafuni zinazonifika kiunoni.

Umeme wetu ni volti 240, hertz 50 (mitetemo 50 kwa sekunde), kwa maandishi. Jioni kila mtu akiwasha jiko na pasi, unaushuhudia ukishuka kwa taa kufifia. Ukipotea, hurudi kwa kishindo, na kishindo hicho ndicho kinachoua mashine. Nunua kile kifaa cha kulinda friji, kinachokata umeme ukizidi au kupungua, kisha kinangoja dakika chache kabla ya kuuruhusu tena. Kinapatikana madukani mjini, na bei yake si kitu mbele ya bei ya trafoma ya amplifaya. Kama umeme wa kwenu hushuka sana, ongeza stabilaiza, kifaa cha kusawazisha volti, yenye uwezo unaozidi mahitaji ya mtambo.

Kisha mwite fundi wa umeme mwenye leseni apime waya wa ardhi. Nyumba nyingi za kupangisha zina soketi za matundu matatu, lakini huo waya haufiki mchangani. Dalili yake ni mvumo usiokoma kwenye spika, na ukigusa chuma cha amplifaya unahisi kama siafu wanakutembelea kidoleni. Kuna fundi atakayekuambia akate waya wa ardhi kwenye plagi ili mvumo uishe. Mkatalie. Mvumo huenda ukaisha kweli, lakini kinga ya maisha yako nayo itakuwa imeondoka.

Radi ikipiga karibu, kile kifaa cha friji hakitoshi kuizuia. Bonde la Ziwa Victoria ni kati ya sehemu zenye ngurumo nyingi sana duniani, na wingu la alasiri halikupi muda mrefu. Mbingu ikianza kujifunga, chomoa plagi yenyewe, usizime swichi tu. Chomoa pia waya wa intaneti na wa antena, maana radi huingilia huko vilevile. Hata hivyo, mvua ikipiga mabati hakuna muziki utakaousikia. Anayeongeza sauti ili ashindane na mvua huisukuma amplifaya kupita uwezo wake, sauti inaanza kukwaruza, na zile spika ndogo za juu ndizo huungua kwanza.

Chumba ndicho kitu cha pili, na kinataka subira kuliko pesa. Sebule zetu ni simenti, vigae na madirisha mapana. Piga kofi moja: ukisikia mlio unarukaruka ukutani, hata spika za Uingereza za bei gani zitasikika kali. Weka zulia kati ya spika na kiti chako, mapazia mazito, na rafu ya vitabu nyuma yako. Mikeka ya mafunjo ya ziwani inapendeza ukutani na hupunguza ukali kidogo, lakini ni myembamba, haiigusi besi. Besi hutaka kitu kinene: kochi kubwa la sponji au godoro lililosimamishwa kwenye kona nyuma ya pazia.

Besi yenyewe hufuata vipimo vya chumba. Chumba cha urefu wa mita 4 huvimbisha sauti za karibu hertz 43, na waya mzito wa gitaa la besi uko kwenye hertz 41. Ndiyo maana muziki wa benga, ambayo gitaa lake la besi linakimbia mfululizo, hutoa noti moja inayonguruma huku ya pili ikipotea. Chumba cha mraba ni kibaya zaidi kwa sababu urefu na upana vinavimbisha noti ileile. Kabla ya kulaumu spika, sogeza kiti. Ukikaa ukiegemea ukuta besi hufura, ukikaa katikati kabisa ya chumba, baadhi ya noti zake hufifia. Cheza wimbo unaoujua vizuri, tembea polepole chumbani, na usimame pale noti zote za besi zinapolingana. Spika nazo ziondoe ukutani, hata nusu mita, na umbali kati yake ulingane na umbali wa kila moja hadi kwako. Majirani wa nyumba za kushikana watakushukuru, kwa sababu besi hupita ukutani hata sauti ikiwa ndogo.

Unyevu na wadudu: mtambo usiowashwa huharibika haraka kuliko unaotumika, kwa kuwa joto lake hufukuza unyevu. Washa kila wiki. Mjusi hupenda amplifaya yenye joto, na akiingia hadi kwenye nyaya anakufa yeye na fyuzi. Zungushia rafu wavu mwepesi wa mbu, ila uache hewa ipite na usifunike chochote kikiwa kimewashwa. Wakati wadudu wa ziwani wanapokuja kwa wingu, washa taa ya veranda na uzime ya sebule. Amplifaya ya valvu usiifungue mwenyewe: ndani mna volti mia kadhaa, na kapasita, vile vipande vinavyohifadhi umeme, huushika hata baada ya kuchomoa.

Santuri zisimame wima, mbali na ukuta unaotoa jasho, pamoja na vile vipakiti vya kufyonza unyevu vinavyokuja na viatu na dawa. Usisafishe santuri za zamani za mizunguko 78 kwa dakika ukitumia spiriti, inayeyusha utomvu uliozitengeneza.

Ukinunua mashine ya santuri ya mtumba kutoka Marekani, trafoma ya kushusha volti pekee haitoshi. Huko ni hertz 60. Kama kasi ya mota yake inafuata hertz za umeme wa ukutani, hapa mizunguko 33⅓ kwa dakika itashuka hadi karibu 28, na mwimbaji wa kike ataimba kama mjomba wake. Uliza kama kuna puli (kigurudumu cha mota) ya hertz 50. Spika za mtumba nazo, bonyeza taratibu ukingo wa sponji unaozunguka koni. Ukimeguka kama keki kuukuu, punguza bei au uziache. Ukingo wa mpira hudumu zaidi kwenye joto letu.

Mwisho, andika utaratibu wa kuwasha na ubandike kando ya soketi: amplifaya huwashwa ya mwisho na huzimwa ya kwanza, la sivyo spika hupigwa mshtuko. Kila mtu nyumbani ajue. Mama yangu akija kutoka Bondo, hujiwekea santuri zake mwenyewe nikiwa nimelala, na wingu likitanda anachomoa plagi bila kuniamsha.